Kuiga na Kubuni: Karakana Ndogo Ianzie Wapi?

KATIKA mikutano ya siku hizi, kuanzia ukumbi wa semina hadi barza ya kahawa, neno "ubunifu" limekuwa kama chumvi: hakuna chungu kinachoteremshwa jikoni bila ya kutiwa. Kijana anayetaka mkopo huambiwa aonyeshe jambo jipya. Mashindano ya wanafunzi hutoa zawadi kwa jambo jipya. Fundi aliyekaa miaka kumi na mitano akitengeneza mashine za kukuna nazi, aliyeichukua ya kigeni akaifungua, akaitazama, kisha akaunda ya kwake kwa chuma alichokipata, huyo hana pa kusimama katika mashindano hayo. Husemwa kwamba yeye ameiga tu.

Hukumu hiyo haina haki ndani yake, na kwa visiwa vyenye karakana nyingi ndogo na fedha kidogo, ni hukumu ya hatari. Walakin wale wa upande wa pili, wanaosema kila mtu na aige alichokiona kwa jirani apate riziki yake, nao hawajalimaliza neno. Kuna kuiga kunakomfanya mtu fundi, na kuna kuiga kunakomwacha mtumwa wa kile alichokiiga. Tofauti ya mawili hayo yastahiki kuzungumzwa kwa makini, maana fedha ya umma inatumika kila mwaka, ama upande huu ama upande ule, na mara nyingi bila ya anayeitoa kujua yuko upande gani.

Kwanza tuiondoe aibu ya kuiga. Karafuu, iliyovijengea jina visiwa hivi, haikuota hapa yenyewe. Ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa mikononi mwa Wafaransa, nao Wafaransa walikuwa wameichukua kwa siri kutoka visiwa vya Maluku mnamo mwaka 1770, wakati Waholanzi wakiilinda kwa bunduki. Hata mpango uliotangazwa Agosti 2022 wa kuzivutia hapa kampuni za teknolojia ulipewa jina la Silicon Zanzibar, na jina hilo lenyewe, kama ajuavyo kila mtu, limechukuliwa kwenye bonde moja la California. Hatulitaji kwa kebehi. Twalitaja ili ieleweke kwamba anayemkemea fundi wa Kwahani kwa kuiga, aghalabu naye amesimama juu ya kitu cha kuigwa.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa Japani, na twaomba subira ya msomaji tuueleze kwa urefu, kwa sababu watu wengi huuchukua juu juu.

Mwaka 1946, Tokyo ikiwa bado katika magofu ya vita, Masaru Ibuka na Akio Morita walianzisha kampuni ya watu wapatao 20 iliyoitwa Tokyo Tsushin Kogyo. Ndiyo ile ambayo baadaye ulimwengu uliijua kwa jina la Sony. Transista haikuwa yao. Ilibuniwa Desemba 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani nayo haikuwa yao. Ilikuwa Regency TR-1 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1954. Wajapani hawa walinunua ruhusa ya kutengeneza transista kutoka kampuni ya Western Electric kwa dola 25,000. Hizo zilikuwa fedha nyingi kwa kampuni changa na kwa nchi iliyokuwa ikiihesabu kila dola ya kigeni, na wakuu wa serikali yao walisitasita kabla ya kuziidhinisha.

Ruhusa hiyo ilikuwa ruhusa tu. Haikuja na mashine wala mafundi. Kwa hivyo mwaka 1954 mhandisi wao, Kazuo Iwama, alikwenda Marekani kuvitembelea viwanda. Kupiga picha hakukuruhusiwa. Mchana alitazama na kuuliza. Usiku aliketi hotelini akiandika na kuchora yale aliyoyahifadhi kichwani, kisha akayapeleka Tokyo kwa barua. Sisi tulioanza chuoni, tukahifadhi kabla ya kuelewa, twaijua kazi ya aina hiyo. Kuhifadhi si kosa. Ila mwalimu aliye mwalimu hamwachi mwanafunzi mlangoni. Siku moja humtaka aeleze maana ya alichokihifadhi, na siku hiyo ndipo wanaojua na wasiojua hutengana.

Siku hiyo iliwafikia Wajapani mapema. Agosti 1955 walitoa redio yao ya kwanza ya transista, TR-55, lakini transista nyingi walizozitengeneza zilikuwa mbovu, na walioifuata barua ya Iwama herufi kwa herufi hawakupata jawabu ndani yake. Ikawabidi wachunguze kwa nini. Wakabadilisha viungo vinavyotiwa ndani ya madini ya jarmaniamu, wakajaribu fosforasi pahala pa antimoni, wakaharibu nyingi, wakapima, wakaandika. Katika kuzichunguza transista zenye kasoro, mwaka 1957, mtafiti wao Leo Esaki akakutana na tabia ya umeme ambayo hakuna aliyekuwa ameidhihirisha hivyo kabla yake, ya elektroni kupenya kizuizi ambacho kwa hesabu za kawaida zisingeweza kukivuka. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1973.

Na tulitazame vizuri jambo hilo. Uvumbuzi uliowapa heshima ya dunia haukutoka kwenye semina ya ubunifu. Ulitoka kwenye sanduku la vifaa vilivyoharibika, katika kampuni iliyokuwa ikiiga, kwa sababu ndani ya kampuni hiyo alikuwamo mtu aliyelipwa mshahara kuuliza kwa nini vimeharibika.

Wala asidhani mtu kwamba aliyebuni ndiye lazima atakayefaidi. Kampuni ya EMI ya Uingereza ilikuwa na mhandisi wake, Godfrey Hounsfield, aliyebuni mashine ya kuupiga picha ubongo ndani ya fuvu kwa eksirei na kompyuta. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwezi Oktoba 1971, na Hounsfield akashiriki Nobel ya tiba mwaka 1979. Lakini makampuni yaliyofuata nyuma, kama General Electric ya Marekani, yalikuwa tayari na wauzaji na mafundi wa matengenezo katika mahospitali, na yalimpita mbio mwenye uvumbuzi. Miaka michache baada ya Nobel hiyo EMI haikuwa tena katika biashara ya mashine aliyoibuni mwenyewe. Ikiwa kampuni kubwa kama ile iliweza kubuni na kisha kupokonywa soko, basi kumwambia kijana mwenye mtaji wa mashine moja ya kuchomea chuma kwamba njia yake pekee ni kuleta kitu ambacho dunia haijakiona, ni kumpeleka bahari kuu kwa mtumbwi.

Karibu zaidi na sisi kuna jiko la makaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Kenya ikitafuta njia ya kupunguza ukataji wa miti (na mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya ulifanyika Nairobi hapo Agosti 1981), wataalamu na mafundi walilichukua jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo wa kufinyanga ndani ya ganda la bati. Hawakulichukua zima. Jiko la Thailand ni zito, na udongo umejaa ndani yake juu hadi chini. Mafundi wa Kenya walilibana kiuno, wakaweka kigae nusu ya juu tu panapokaa moto, na kitako wakakipanua lisiyumbe jikoni. Kazi ya bati ikabakia kwa mafundi wa jua kali waliokuwa tayari wakiunda majiko ya kawaida, na kigae kikaenda kwa wafinyanzi. Hakuna aliyeizuia karakana yoyote kulinakili, kwa hivyo lilinakiliwa kila mtaa, ushindani ukaiteremsha bei, na jiko hilo likaenea mijini kisha likavuka mipaka. Mpikaji anayelitumia huokoa takriban theluthi ya makaa, na pengine zaidi.

Lakini hata huko walioiga sura peke yake walijitokeza. Vigae vya udongo mbaya, au vilivyochomwa haraka, vilipasuka katika wiki za mwanzo, na mnunuzi aliyepasukiwa hakumlaumu fundi. Alililaumu jiko, na jirani yake akaacha kulinunua. Kwa macho majiko yote mawili ni sawa. Tofauti yao imo katika udongo na katika joto la tanuri, navyo havionekani dukani. Hapo ndipo karakana ndogo inapohitaji msaada wa dola, na hapo ndipo msaada hukosekana.

Sasa tuje kwetu, na tuseme juu ya mwani, kwa sababu hakuna teknolojia iliyoigwa na watu wengi zaidi katika visiwa hivi ndani ya uhai wetu.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani. Utafiti wa kitaalamu ulikuwa umetangulia, khasa wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbegu zililetwa kutoka Ufilipino, na njia ya kulima ililetwa pamoja nazo: vigingi, kamba iliyonyooshwa katika maji ya kupwa, na vishada vya mwani vilivyofungwa kwa nyuzi. Wanawake waliipokea kazi hiyo kuliko wanaume, na ikawa mara ya kwanza kwa wengi wao kushika fedha walizozichuma wenyewe. Nyumba za mawe na mabati zilijengwa kwa mwani, na sare za skuli zikanunuliwa. Anayelidharau jambo hilo kwa kuwa lilikuwa la kuigwa, na aende Paje akawaambie kina mama hao uso kwa uso.

Aina zilizoletwa zilikuwa mbili, ambazo wakulima huziita spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, kwa sababu viwanda vya ng'ambo huihitaji zaidi kwa ute wake wa kugandishia vyakula na vipodozi. Na kotonii ndiyo iliyotutupa mkono. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianza kufa mashambani: ikapauka, ikakatika, ikasombwa na maji. Wanasayansi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Zanzibar, akiwamo Dakta Flower Msuya, walieleza kwamba maji ya kina kifupi yamezidi joto, na kwamba mwani uliodhoofishwa na joto hushambuliwa na maradhi na magugu ya baharini. Vijiji vingi vikabakia na spinosamu peke yake, inayostahimili zaidi lakini yenye bei duni.

Hebu tujiulize tulikuwa tumeiga nini. Tuliiga vigingi, kamba, mbegu na njia ya kuanika. Tulimpata pia mnunuzi, ambaye aliuchukua mwani mkavu ukiwa ghafi na kuusafirisha. Kitalu cha mbegu hatukukiiga, wala desturi ya kupima joto la maji na kuandika kila siku, wala kiwanda cha kuutoa ule ute. Kwa hivyo maji yalipobadilika, mkulima aliyekuwa hodari wa kufunga vishada hakuwa na cha kubadilisha. Alikuwa anajua kufanya, lakini hakuwa amepewa sababu ya kile anachokifanya.

Mwaka 2006 palianzishwa umoja wa kuendeleza mwani uliowakutanisha wakulima, watafiti na watumishi wa Serikali, na mambo mengine yakaanza. Kina mama wakajifunza kuusaga mwani na kutengeneza sabuni, kisha mafuta ya kujipaka na vyakula. Ukajaribiwa ukulima wa kuelea katika maji ya kina, penye ubaridi, na baadaye ukajaribiwa mwani wa ndani ya neti ndefu mfano wa bomba, mtindo uliokuwa ukitumika Brazili. Msomaji ataona kwamba haya nayo ni ya kuigwa. Sabuni si uvumbuzi wa Kidoti wala wa Paje. Lakini kuiga huku kulikuwa kwa aina nyingine, kwa kuwa kulianza na swali la mahali petu: mwani unakufa kwa nini, na tufanye nini?

Na hapo pia ukweli ulikataa kulainishwa. Shamba la maji ya kina lilifaa kwa mwani. Halikumfaa kwa wepesi mkulima. Wanawake wengi wa mwani hawakufundishwa kuogelea, na chombo cha kuwafikisha huko hawanacho. Kumbe kikwazo hakikuwa kamba wala neti. Kilikuwa mashua na masomo ya kuogelea, mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha teknolojia kutoka Brazili au Ufilipino, na ambayo hakuna atakayeyajua isipokuwa aliyeingia majini pamoja na kina mama wenyewe. Kazi ya kubuni ya visiwa hivi imo hapo, nayo haina taa za kamera.

Kutokana na hayo, yako mambo ambayo wenye mamlaka yawapasa kuyatazama upya.

La kwanza ni zawadi. Mashindano yanayotuza wazo lililoandikwa karatasini yaendelee ikiwa lazima, lakini pawe na tuzo iliyo kubwa zaidi ya fundi aliyekichukua kitu cha kigeni kilichoshindwa hapa na kukifanya kifanye kazi. Upepo wa chumvi unakula chuma, umeme unapanda na kushuka, maji ya visima vyetu yana chokaa. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya mji wa baridi huja hapa ikafa katika msimu mmoja. Anayeiponya ametenda kazi ya kitaalamu, na yafaa aitwe jukwaani.

La pili ni vipimo, na hili ndilo zito. Fundi wa jiko hajui joto la tanuri lake kwa sababu hana kipimo, na hataweza kukinunua peke yake. Fundi wa mashine ya kukuna nazi hajui kama chuma alichouziwa ni kile kisichoshika kutu au kinafanana nacho tu kwa kung'ara. Tunayo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume pale Mbweni, na tunayo Taasisi ya Viwango. Vijana wa Mbweni wanahitaji kazi halisi ya kujifunzia, na mafundi wa mitaani wanahitaji vipimo. Iwekwe siku maalumu katika juma, fundi aje na kitu chake kilichovunjika, kipimwe kwa ada ndogo, aandikiwe sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Na taasisi ya viwango imfikie fundi kabla ya kumkamata, imwonyeshe kasoro kabla ya kumtoza faini.

La tatu ni sheria, ambayo watu wengi huiogopa kwa kutoijua. Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, hulinda katika nchi ilikosajiliwa tu, na kwa kawaida muda wake ni miaka 20. Zanzibar ina sheria yake ya mali ya viwanda, ya mwaka 2008. Yako maarifa mengi sana ulimwenguni ambayo ama muda wake umekwisha ama hayakusajiliwa kwetu kamwe, na maelezo na michoro yake iko wazi kwa anayetaka kusoma. Kwa vijana wa kompyuta njia ni pana zaidi: Linux, iliyoanzishwa na mwanafunzi Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, iliufuata mfano wa mfumo uliotangulia wa Unix, na msimbo wake uko huru kusomwa na kubadilishwa kwa masharti ya leseni yake. Lakini programu isiyo huru haichukuliwi kwa kunakiliwa kifichoni, na jina la mtu halibandikwi kwenye bidhaa ya mwingine. Fundi akiunda pampu inayofanana na ya Ujerumani amefanya kazi. Akiigonga muhuri wa Ujerumani amefanya wizi, na amemwibia zaidi mnunuzi wa Micheweni kuliko Mjerumani. Pawe na ofisa mmoja, Unguja na Pemba, ambaye fundi ataweza kumwendea na kumwuliza: hiki naruhusiwa kukiunda? Na apate jawabu kabla ya kumaliza fedha zake.

La nne linahusu mikopo. Fomu aghalabu humwuliza mwombaji atatengeneza nini, atauza bei gani, na atalipa lini. Hapana pahala pa kuandika vitu atakavyoviharibu. Nasi tumeona kwamba fundi wa kigae huvunja vingi kabla ya kupata kimoja kinachostahimili moto, kama Tokyo ilivyojaza masanduku ya transista mbovu kabla ya redio kuuzika. Gharama hiyo ipo, iandikwe au isiandikwe. Isipoandikwa, fundi huilipa kwa fedha ya kodi ya karakana, au huificha kwa kuuza hivyo hivyo vibovu. Tungependa kuona, katika fomu za mwaka ujao wa fedha, safu moja zaidi: majaribio yatakayoharibika, idadi yake na thamani yake, na sharti la kwamba mwombaji atakuja na vipande hivyo mkononi, pamoja na daftari la sababu ya kila kimoja kuvunjika, kabla ya kupewa sehemu ya pili ya mkopo wake.